Prado kwa Datsun Z na laki nane juu: hii dili ni ya haki?

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo:

"Niko Nakuru, nina Prado ya dizeli ya 2012, iko sawa kabisa, yadi moja hapa ilinipa ofa ya milioni 3.5 pesa mkononi nikakataa. Kuna mzee Nairobi ana Datsun 240Z nyekundu, anasema ni ya 1973, imetengenezwa yote, rangi mpya, na kwamba ndo gari iliyoshinda Safari Rally. Yeye anaiweka milioni 5. Prado yangu anaikubali kwa milioni 4.2, kwa hivyo nimuongeze laki 8 tubadilishane. Nimekutumia picha tisa. Logibuku inasoma 1975 na chesisi inaanza na GRS30. Hii gari nimeitamani tangu nikiwa mtoto. Ni bei ya haki ama naumizwa?"

Kaka, asante kwa kuuliza kabla ya kutoa pesa, manake wengi huniuliza baada na hapo sina la kufanya ila kuwapa pole. Nimeangalia picha zako zote mara mbili tatu, nikujibu kwanza halafu nieleze: hapana, kwa hiyo bei si ya haki, na shida ya kwanza hata si pesa. Shida ni kwamba hiyo gari si 240Z.

Rudi kwa ile picha uliyopiga mlango wa dereva ukiwa wazi. Nyuma ya kiti cha dereva kuna kiti kingine kidogo cha abiria. 240Z haijawahi kutoka kiwandani na viti vya nyuma, hata moja. Ni gari ya watu wawili, wewe na mwenzako, huko nyuma ni mahali pa mzigo basi. Viti vya nyuma vilikuja na 260Z, toleo linaloitwa 2+2, lililotoka 1974, na ili hivyo viti vitoshee Nissan, ndio wenye jina la Datsun, walilazimika kuirefusha gari, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma wakaongeza sentimita 30, paa likavutwa nyuma, milango ikawa mirefu zaidi na vioo vya madirisha ya pembeni pia. Ukiziegesha mbili hizi ubavu kwa ubavu hata mtoto ataona tofauti, lakini ni nani hapa kwetu amewahi kuziona zote mbili zimeegeshwa pamoja? Ndo maana watu wengi wanaona tu ile pua ndefu na taa zimezama ndani, wanasema ni 240Z.

Na hata kama hukuwa na picha ya viti, ile namba ya chesisi ishasema yote. Gari za Z za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani, 240Z huanza na HS30, 260Z ya viti viwili huanza na RS30, na 260Z ya 2+2 huanza na GRS30. Yako ni GRS30. Mwaka peke yake singeutumia kumhukumu mtu, kwa sababu mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa hupishana, gari inaweza kukaa bandarini ama kwa showroom kabla haijapata namba. Lakini herufi za chesisi hazipishani. Beji ya 240Z ambayo nimeiona hapo nyuma inauzwa mtandaoni kwa pesa kidogo na inabandikwa kwa dakika mbili.

Sasa usikimbilie kumuita mzee mwizi. Inawezekana kabisa aliuziwa hivyohivyo miaka ishirini iliyopita na amekuwa akiiita 240Z kwa roho safi. Nimekutana na wazee wa hivyo, mtu anakulia kiapo na anaamini anachosema. Mheshimu, ongea naye vizuri, muoneshe namba. Lakini pesa yako usiitoe kwa sababu ya heshima.

Kuhusu Safari Rally, hapo mzee anachanganya ukweli na mauzo. Ukweli ni kwamba 240Z ilishinda East African Safari mara mbili, 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na siku hiyo 240Z nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty ikaingia ya pili. Halafu 1973 Mehta mwenyewe akashinda na Lofty Drews, na ule mwaka ulikuwa wa kuuma kucha manake walimaliza pointi sawasawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Mehta alizaliwa Uganda, na baadaye akaja kuishinda Safari mara nne tena mfululizo, 1979 hadi 1982. Hii ni historia yetu na mimi kila nikiiona Z barabarani moyo unaruka, sifichi. Ndo sababu hiyo gari ina bei hapa hata kwa mtu ambaye hajui kabureta ni nini. Lakini zile zilizoshinda zilikuwa 240Z za viti viwili, gari za timu ya kiwanda, na ile ya 1971 Nissan wenyewe wameihifadhi kwa mkusanyiko wao kule Zama, Japani. Ya mzee ni binamu yake. Na hata ingekuwa 240Z kweli, kuwa aina moja na gari iliyoshinda hakuongezi laki hata moja juu ya bei ya 240Z za kawaida. Historia ya rally inalipwa pale tu hiyo gari yenyewe, kwa namba yake ya chesisi, ina karatasi na picha za siku hizo. Mtu akikuambia "hii ilikimbia," muulize mwaka gani, dereva nani, namba gani ubavuni, picha iko wapi. Kama hana, ilikimbia kwenda sokoni.

Basi twende kwa pesa, na hapa naomba usome polepole kwa sababu hapa ndo watu huumia bila kujua.

Kubadilishana gari kuna hila ambayo hata anayeifanya wakati mwingine haijui. Ukinunua kwa pesa, bei ni moja tu na unaiona. Ukibadilishana, bei ni mbili na zote ni za mdomoni. Mzee amekuambia Prado yako ni milioni 4.2 na wewe ukafurahi, si ndio? Yadi ilikupa 3.5, huyu anakupa laki saba zaidi, unaona huyu ni mtu mzuri. Lakini hakukupa laki saba. Hajatoa shilingi. Ameongeza namba upande wako, akaongeza namba upande wake pia, na kitu pekee kinachotoka mfukoni mwa mtu ni zile laki 8 zako. Angeweza kukuambia Prado ni milioni 6 na Z ni milioni 6.8, bado ungetoa Prado na laki 8, hakuna kilichobadilika. Kwa hivyo hizo 5 na 4.2 zifute kabisa kichwani.

Fanya hivi. Kila upande uugeuze uwe pesa taslimu ambayo mtu halisi angelipa wiki hii. Prado yako tunajua, kuna mtu alikuwa tayari kuhesabu milioni 3.5. Yadi hununua chini ili wapate faida, kwa hivyo ukiuza mwenyewe kwa subira labda utapata zaidi kidogo, lakini tubaki na 3.5 kwa sababu hiyo ni pesa imethibitishwa. Ongeza laki 8. Unachotoa ni milioni 4.3. Hiyo ndo bei halisi ya Z ya mzee, si milioni 5. Swali sasa limekuwa rahisi: kama ungekuwa na milioni 4.3 kwenye mfuko wa plastiki, ungeenda kwa huyo mzee ukampa yote ukachukua 260Z ya 2+2 yenye rangi mpya ambayo hujaiona chini?

Kwa 240Z safi, bodi ngumu, injini ni ile ya kiwandani, ningekaa chini tuzungumze hiyo bei. Kwa 2+2, hapana. Duniani kote, Uingereza, Marekani, Australia, 2+2 huuzwa kwa bei ya chini sana ukilinganisha na ya viti viwili, na sababu ni mbili tu, umbo na hadithi. Watu wanalipia ule mgongo mfupi wa 240Z na jina lake. Sasa usije ukadhani 2+2 ni gari mbaya, mimi nimeiendesha na kwa safari ndefu ina utulivu mzuri kwa sababu ya huo urefu, na unaweza kubeba watoto, jambo ambalo mwenye 240Z hawezi. Kama unaitaka ya kuendesha Jumapili na familia kwenda Naivasha ni gari tamu sana. Lakini inunuliwe kwa bei yake.

Na ukiambiwa "mtandaoni 240Z iliuzwa dola 310,000," ni kweli, ilitokea Januari 2020 Marekani, gari ya 1970 ambayo ilikuwa imetembea kidogo sana na haikuwa imeguswaguswa. Bei ya gari moja ya ajabu haikupi bei ya gari ya mzee, ni kama kuuza ng'ombe wako wa maziwa kwa kutaja bei ya aliyeshinda maonyesho.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu. Kwa kuwa Kenya kwa utaratibu wa kawaida huwezi kuingiza gari iliyozidi miaka 8, Z zilizoko ni zilezile zilizobaki tangu zamani, na wauzaji husema "hazipatikani tena kwa hivyo bei ni juu." Nusu yake ni kweli. Wanaouza ni wachache, lakini wanunuzi wa kweli, wenye pesa tayari, nao ni wachache. Prado ukiitangaza Ijumaa, Jumatatu simu hazikatiki. Z unaweza kuitangaza mwaka mzima ukipigiwa na watoto wa shule wanaotaka kupiga picha. Hiyo tofauti ya wepesi wa kuuza ni pesa. Mtu anayekubadilishia kitu kigumu kuuza kwa kitu chepesi kuuza, yeye ndo anapaswa kukufidia, na hapa mzee anataka wewe umfidie. Na hiyo sheria inakuumiza mara ya pili, kwa sababu bodi ikioza huwezi kusema utaagiza Z nyingine mbovu uitoe spea, utaagiza kipande kimojakimoja, na vipande vingi vipya vinavyotengenezwa sasa ni vya ile ya viti viwili. Mlango wa 2+2, kioo cha dirisha la pembeni cha 2+2, hivyo utavitafuta mpaka uchoke.

Hapo tunaingia kwa bodi, na kama utasahau yote niliyoandika shika hili: kwenye Z unanunua chuma, si injini. Injini ya L ya silinda sita ni ngumu sana na inatengenezeka, camu inaendeshwa na cheni, mafundi wengi wazee wanaijua kwa kupapasa. Bodi ndo inayoua. Chuma chake ni chembamba, na kiwandani haikulindwa vizuri dhidi ya kutu. Na katika picha zako tisa, kaka, hakuna hata moja ya chini. Zote ni za rangi. Rangi mpya kwangu si sifa, rangi mpya ni pazia, na mimi nataka kujua nyuma ya pazia kuna nini. Niliwahi kumsindikiza rafiki kuangalia Z moja, rangi inang'aa ukajiona, muuzaji mpole, tayari walikuwa wamekubaliana bei. Nikatoa tairi la spea huko nyuma nikagonga sakafu yake na ufunguo, badala ya "ting" ikalia "tup." Ilikuwa fila, ile pasta ya kuzibia bodi, na kitambaa cha nyuzi, chuma hakikuwepo. Tukaangalia chini, reli mbili za chesisi zilikuwa zimejazwa vipande vya bati vimechomelewa juu ya kutu. Kuirekebisha ile kulihitaji pesa karibu sawa na bei ya kuinunua.

Kwa hivyo ukienda, nenda mchana, gari iwe kavu, haijaoshwa dakika ile. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa usikwaruze rangi, tochi, bisibisi butu na jeki, ama mwombe mzee muipeleke gereji yoyote yenye shimo. Mzee akikataa gari isiinuliwe, rudi Nakuru siku hiyohiyo.

Anzia chini ya betri, kile kisahani chake, asidi hudondoka miaka na miaka inakula mpaka ukuta wa kabini. Toa kapeti mbele, zote mbili, ya dereva na ya abiria, bonyeza sakafu. Chini yake kuna reli zinazotoka mbele kwenda nyuma zikibeba sakafu, hizo zishike kwa mkono, zisiwe zimekunjwa na jeki wala kuwa na viraka. Halafu kile kipande cha nyuma ya mlango, kati ya mlango na tairi la nyuma, maji na matope hukaa humo, weka sumaku, ikikataa kushika ujue unanunua fila. Vizingiti chini ya milango, mlango wa nyuma kwa ile sehemu unafungia, shimo la tairi la spea, na pembe za ukuta wa injini chini ya kioo cha mbele ambapo majani huziba njia ya maji. Fungua na kufunga milango, kwenye 2+2 ni mirefu na mizito, ukiona inabidi uinyanyue ndo ifunge inaweza kuwa hinji tu, inaweza pia kuwa gari imeanza kukunjika katikati. Angalia mianya kama iko sawa pande zote mbili.

Gari ya Pwani iangalie mara mbili. Muulize mzee ilikaa wapi, kama iliishi Mombasa ama Malindi miaka kumi, hewa ya chumvi imefanya kazi yake hata kama sai iko Karen, Nairobi.

Injini nitapita haraka. Fika kabla haijawashwa, shika boneti iwe baridi, washa wewe. Fundi apime komprisheni, ule mgandamizo wa ndani, kwa silinda zote sita, namba zenyewe si muhimu kama zinavyokaribiana, moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hivi anza kuuliza. Fungua kifuniko cha rejeta, ukiona maji ya kutu, ujue wamekuwa wakitia maji ya bomba bila kulanti, na silinda hedi ya hii injini ni ya alumini, hayo maji huila taratibu kutoka ndani. Kwenye bloku karibu na namba ya injini kumechongwa L24, L26 ama L28. Ya 260Z inafaa kuwa L26, ya sentimita za ujazo 2,565. Ukikuta L28, ni injini nzuri na ina nguvu zaidi, ziliwekwa hata kwa Patrol za petroli za zamani na inaingia bila shida, lakini basi si injini yake ya kuzaliwa na bei inashuka kwa mtu anayejali asili, halafu lazima ionekane hivyo kwa logibuku. Barabarani sikiliza gia ya pili na ya tatu kama zinakwaruza ukishusha, na ile "tak" huko nyuma ukiachia na kukanyaga mafuta, hiyo mara nyingi ni raba ya kushikilia difu, si mwisho wa dunia. Ukisikia harufu ya moshi ndani ya kabini, hiyo ni shida ya kizazi kwa Z, raba za mlango wa nyuma na za taa zikichoka moshi unavutwa ndani. Inatibika. Na kama gereji inasema bushi za nyuma zinahitaji kubadilishwa, uliza bei ya kazi kabla ya kusema sawa, zile pini ndefu za mikono ya nyuma hushikana na kutu na kuzitoa kunaweza kumaliza siku mbili za fundi.

Dashibodi kupasuka, hiyo nimeiona kwa picha yako ya tano, nyufa tatu. Jua huzipasua zote. Usiichukulie kidogo, vitu vya ndani, raba za milango na bampa za kroomu ndo vinavyokula pesa kimyakimya. Spea za injini ni nafuu kuliko raba, watu hawaamini mpaka waagize.

Karatasi sasa. Fanya utafutaji wa gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa namba ya usajili, ada yake ni ndogo sana, uone jina la mwenyewe ni la mzee ama la mtu aliyefariki 1998, na kama kuna mkopo umeshikilia logibuku. Gari za zamani nyingi zimepita mikono mitatu bila kuhamishwa, na hiyo kesi utairithi wewe. Halafu linganisha namba ya chesisi iliyochongwa kwenye ukuta wa chuma ndani ya boneti, ile ya kibati, na ya logibuku. Zote tatu ziseme kitu kimoja. Angalia kama pale palipochongwa kuna alama za grinda ama rangi nzito kuliko mahali pengine, ukiwa na wasiwasi wowote DCI, idara ya upelelezi, wana watu wa kukagua. Na kumbuka kubadilishana ni uhamisho wa gari mbili, kila mmoja aanzishe wake, usimpe Prado na funguo huku unasubiri Z "itahamishwa wiki ijayo."

Mzee akikuonesha ripoti ya thamani ya bima, usiitegemee. Hiyo hufanywa ili gari ikiungua ulipwe, anayeifanya hakuambii kama yeye angeinunua kwa hiyo pesa.

Sasa ungeniuliza, wewe ungetoa ngapi? Kwa picha hizi, na kama chini itatoka safi kabisa, mimi kwa hiyo 2+2 nisingevuka milioni 2.8. Hayo ni maoni yangu kwa kazi ninayofanya, mwingine atakuambia 2.5, mwingine mwenye mapenzi 3. Tukichukua 2.8, hebu ona hesabu inavyogeuka: Prado yako 3.5 taslimu, Z yake 2.8, kumbe wewe ndo unafaa kuongezwa laki 7. Yeye anataka laki 8 kutoka kwako. Kati ya anachotaka na kilicho haki kuna milioni moja na nusu, na hapo bado hatujatoa shilingi ya kutu. Ukikuta reli zimeoza ama sakafu ina viraka, chukua makadirio ya fundi wa bodi, yaandikwe, uyaongeze robo juu, halafu uyatoe yote kwenye 2.8, manake kazi ya bodi haijawahi kuishia pale ilipokadiriwa.

Mzee atakasirika ukimwambia hivyo kwa ghafla, kwa hivyo usianze na bei. Anza na chesisi. Kaa naye, chai iwepo, muoneshe GRS30 maana yake nini, muoneshe viti. Mpe siku chache naye aulize watu wake. Kisha mwambie hutaki kubadilishana, unataka kununua kwa pesa, anataka ngapi taslimu? Utashangaa ile milioni 5 itakavyoshuka peke yake ikiondolewa Prado mezani. Wewe uza Prado yako kando, kwa utulivu, kwa anayelipa zaidi, na kitakachobaki baada ya kununua Z kitakupa gari ndogo ya kwenda kazini, kwa sababu hili pia hukulitaja: Jumatatu asubuhi mvua ikinyesha Nakuru utaenda na nini? Z ya miaka hamsini si gari ya kila siku, inataka paa juu yake na fundi anayeipenda.

Akikataa kabisa, muache. Nenda Concours, yale maonyesho ya magari na pikipiki, pale Ngong Racecourse itakapofanyika, wenye Z hufika, ongea nao, watakuambia nani anauza kabla hata hajatangaza, na utaziona ya viti viwili na 2+2 kwa macho yako ujue ni ipi hasa uliyoitamani ukiwa mtoto. Inawezekana ni 240Z na hakuna kingine kitakachokutuliza, na basi weka pesa uisubiri. Inawezekana pia ukikaa kwa 2+2 na mtoto wako nyuma ukaona hii inatosha, na hapo ya mzee bado inaweza kuwa yako kwa bei yake.

Ukienda Nairobi, kabla hujasema neno lolote kuhusu pesa nitumie picha nne: reli zote mbili chini ya sakafu, kisahani cha betri kikiwa kimetolewa betri, shimo la tairi la spea, na namba ilivyochongwa ukutani ndani ya boneti, karibu kabisa, bila flashi. Nitakujibu ukiwa bado uko hapo kwa mzee.